Kanda Tatu, Kafara Tatu

Reiko Asakawa ni mwandishi wa habari, ana mtoto mdogo wa kiume, na amebakiza siku saba za kuishi. Ameangalia kanda ya video ambayo kila anayeitazama hupigiwa simu papo hapo, na wiki ikitimia hufa, uso umemkakamaa kwa hofu. Hiyo ni Ringu, filamu ya Kijapani ya Hideo Nakata ya mwaka 1998, ambayo nimeirudia hivi karibuni nikitaka tu kupoteza usiku. Reiko anafanya yote ambayo mtu mzima wa huku kwetu angemshauri. Anaifuatilia asili ya mzuka, anagundua ni binti aitwaye Sadako aliyetupwa kisimani na mtu aliyehesabiwa kuwa baba yake. Yeye na mtalaka wake, Ryuji, wanachota maji ya kisima kwa ndoo mpaka nguvu zinawaishia, kisha Reiko anaiopoa mifupa na kuikumbatia. Maiti imepatikana, itazikwa, roho itatulia. Kesho yake Sadako anatoka ndani ya runinga, nywele zimemfunika uso, na Ryuji anakufa.

Mwendo wa Sadako wa kutoka mle unastahili kutazamwa mara mbili. Mwigizaji Rie Ino'o alitembea kinyumenyume, kisha picha ikarudishwa nyuma, kwa hiyo anakuja mbele kwa hatua ambazo hakuna kiungo cha binadamu kinachozikubali. Hakuna damu hata tone.

Lakini kwangu mimi kitisho chenyewe kinakuja baada ya hapo. (Filamu ina zaidi ya miaka 25; siombi radhi kwa kusimulia mwisho.) Reiko anang'amua kwamba mazishi hayakumwokoa yeye. Kilichomwokoa ni kwamba aliinakili kanda na kumwonyesha mwingine. Mtoto wake naye ameiona. Basi anachukua deki, anaingia garini na kumpigia simu baba yake: ana jambo la kumwomba kwa ajili ya mjukuu. Gari linaishia barabarani chini ya mawingu mazito. Babu ndiye kafara, na mpeleka kafara ni binti yake, mtu mwema ambaye tumemwombea heri filamu nzima.

Miaka sita kabla ya Ringu, Lagos ilikuwa imeshasimulia habari ya kafara ya jamaa, nayo kwa kanda. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Chris Obi Rapu kwa lugha ya Kiigbo na kutolewa na mfanyabiashara Kenneth Nnebue, haikupita kwenye majumba ya sinema. Iliuzwa moja kwa moja kwenye kanda za VHS. Andy Okeke anaona wenzake wamepata magari, yeye bado anahangaika. Anaingizwa kwenye kundi la siri na kuambiwa amtoe ampendaye kuliko wote, yaani mkewe, Merit. Anajaribu ujanja kwanza: anampeleka kahaba, Tina, badala ya mke. Tina anaita jina la Yesu na ujanja unavunjika. Ndipo anampeleka Merit. Utajiri unakuja, na mzuka wa Merit unakuja nao.

Kwa macho ya fundi, filamu hii ni ya kuhurumia. Mwanga ni wa studio ya televisheni, sauti inakwaruza, na watu wanakaa kwenye makochi wakizungumza mpaka unataka kuwasukuma. Nilisukuma mbele mara kadhaa, kisha nikarudisha, maana maongezi yale ndiyo yanayopika tamaa. Mzuka ukitokea, unajua unamdai nani na kiasi gani. Merit hana haja na jirani wala na mimi mtazamaji. Sadako hana mdaiwa. Mdaiwa ni yeyote mwenye macho. Na kwa kuwa deni la Andy lina jina, lina pia njia ya kulilipa: sehemu ya pili inampitisha kwenye wazimu na kumfikisha kanisani. Ringu haina kanisa, ina foleni ya watu wa kurithishwa.

Wamarekani walitangulia wote hao. The Evil Dead ya mwaka 1981 ina vijana watano kwenye kibanda msituni Tennessee na kinasa sauti chenye kanda ya profesa aliyesoma maneno ya kuita pepo. Wanabonyeza, basi. Hawakutamani mali, hawakumkosea mtu. Mwongozaji, Sam Raimi, alikuwa na miaka 20 walipoanza kupiga picha, na kwa kukosa vifaa walifunga kamera kwenye ubao, watu wawili wakaushika huku na huku wakakimbia nao kati ya miti. Hilo ndilo jicho la pepo. Kafara ipo hapa pia: Ash, mmoja wa vijana hao, analazimika kumkata mpenzi wake Linda aliyepagawa, anauwasha msumeno, mkono unakataa. Kwa dakika ile filamu inakuwa na uchungu wa kweli. Halafu damu inarudi kumwagika kwa ndoo, na ungeiweka mbele ya mtafsiri wa kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, ingekuwa vichekesho kabla ya nusu saa. Nadhani Raimi asingekasirika.

Afrika Mashariki ilichagua upande wa Lagos bila kusita. Kanda za Nigeria zilikuwa kila mtaa Dar es Salaam, nyingi zimenakiliwa bila ruhusa (wanakili wale walikuwa na sababu nafuu kuliko ya Reiko), na mwaka 2003 mwongozaji Mussa Banzi akatoa Nsyuka, baadaye Shumileta, yenye jini wa kike anayempenda binadamu. Kwetu pia pepo ana uhusiano na mtu fulani. Haji kwa bahati mbaya.

Sasa kanda zimekufa na kila mmoja amejitahidi kuendelea. Living in Bondage: Breaking Free ya mwaka 2019, ya Ramsey Nouah, inamfuata mtoto wa Andy kwenye magari ya kifahari na majumba ya kung'aa. Niliifurahia, sikuiogopa: tamaa ya kijana yule inapendeza mno kutazamwa. Evil Dead Rise ya mwaka 2023, ya Lee Cronin, ndiyo iliyonishtua. Imeondoka msituni na kuhamia ghorofani Los Angeles, kwa mama mwenye watoto watatu, na mama ndiye anayepagawa. Kile chombo cha kukwangulia karoti jikoni kinatumika kwenye mguu wa mtu. Sitaki kukizungumzia zaidi. Mama mdogo wa watoto ndiye anayebeba kazi ya kummaliza dada yake. Na aliyeileta balaa ndani ni Danny, kijana aliyeokota kitabu na sahani za santuri chini ya jengo akiwaza kwamba huenda vitauzika, kwa kuwa nyumba yao inabomolewa. Nnebue angempa Danny sehemu ya pili nzima ya kutubu. Cronin hana muda naye.