Klabu ya Wanawake na Sanduku la Vitabu



Kurasa hizi hueleza zaidi habari za fedha. Naomba radhi niingize humu historia ya klabu za wanawake na ya maktaba, maana mambo hayo mawili yalitufikia kwa njia mbalimbali, wala hayajakutana vema hata leo.

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, chini ya uangalizi wa serikali ya kikoloni. Viongozi wa klabu walifundishwa katika Jeanes School, Kabete, kisha wakarudi kwao kufundisha kushona, kupika, usafi na malezi ya watoto. Mwaka uo huo, tarehe 20 Oktoba, Hali ya Hatari ikatangazwa. Wazee hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata. Katika vijiji ambamo watu walikusanywa kwa amri, klabu ziligawa maziwa na supu kwa watoto. Lakini serikali ilizitumia pia kuwavuta wanawake waiache Mau Mau. Kwa hiyo mama mmoja alishukuru kuwa mtoto wake amepona, na jirani yake akaiona klabu kuwa mkono wa serikali. Wote wawili walisema kweli, nasi tusimlaumu hata mmoja. Mwaka 1958 Bi. Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho.

Vitabu navyo vilikuwa na safari yao. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika wa mashambani alitegemea East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani na kuazimisha vitabu kwa posta. Lakini ni nani aliyeazima? Ni karani, mwalimu au mhubiri, yaani aliyejua kusoma, na mara nyingi huyo alikuwa mwanamume. Katika nchi yetu kavu ya Mbeere, siku ya mwanamke iliishia katika kuteka maji na kutafuta kuni. Klabu ilimpa sindano; sanduku la vitabu likampita.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliunda Bodi ya Maktaba ya Taifa, na mwaka 1979 serikali ilianzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kusoma. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa wanawake. Hata hivyo, mtu aliyejifunza herufi akiwa na miaka arobaini, asipopata kitabu karibu, husahau upesi. Maktaba iko Embu mjini, na mama wa Gachoka hawezi kulipa nauli kila apendapo kubadilisha kitabu.

Basi, katika mashauri ya mwaka ujao, naomba tufikirie kununua kabati moja la vitabu, liwekwe pale pale wanawake wakutanikapo, nao wenyewe washike ufunguo na daftari la kuazima. Vitabu viwe vya kilimo, afya na hadithi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Gharama yake si kubwa, na deni letu kwa mama zetu ni la siku nyingi.

Ni mimi, karani wenu.