Kigoma ya Wabelgiji na mizigo ya Buha

Kwa miaka kadhaa baada ya 1916, Rwanda na Urundi zilitawaliwa kutoka Kigoma. Kamishna wa Mfalme wa Ubelgiji, Justin Malfeyt, aliweka makao yake pale bandarini, na nchi iliyotekwa na Wabelgiji ilijumuisha pia vilima vya Heru na Muhambwe, yaani Kasulu na Kibondo za leo. Habari hii haisimuliwi sana mkoani kwetu. Watoto wanafundishwa Livingstone na Stanley chini ya mwembe wa Ujiji, wanaonyeshwa meli ya Wajerumani, na somo linaishia hapo.

Siku hizi ukitaja kambi ya jeshi la ng'ambo, watu huwaza mahema jangwani, Kuwait au Djibouti, mahali askari wanaposhushwa, wakapangwa, kisha wakasogezwa vitani. Kigoma iliwahi kufanya kazi hiyohiyo bila jangwa lolote. Mbele yake kulikuwa na ziwa, nyuma yake reli, na juu yake Buha, nchi ya Waha, yenye mvua, maharage, ng'ombe na wanaume wa kubebeshwa mizigo.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, baada ya safari ya kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Ng'ambo ya ziwa, Wabelgiji nao walikuwa wanajenga reli yao kutoka Kalemie kuelekea mto Lualaba. Aliyeishika Kigoma alikuwa ameushika mlango wa Kongo ya mashariki. Wajerumani walilijua hilo. Waliiunda meli Graf von Götzen kule Papenburg, wakaifumua, wakaipakia vipandevipande kwenye masanduku, wakaisafirisha kwa bahari na reli, wakaiunganisha upya Kigoma na kuishusha majini Februari 1915. Juni 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, ndege za Wabelgiji zenye kutua majini ziliruka kutoka ng'ambo na kuishambulia bandari kwa mabomu. Tarehe 26 Julai, wahandisi Wajerumani waliipaka mitambo grisi, wakaizamisha meli kwa mikono yao wenyewe ili siku moja warudi kuiibua. Siku mbili baadaye jeshi la Kongo likaingia mjini.

Jeshi hilo, Force Publique, lilikuwa la Ubelgiji kwa jina na kwa maofisa, lakini waliopigana walikuwa wana wa Kongo. Mkuu wa vita alikuwa Jenerali Charles Tombeur. Kikosi cha kusini kiliongozwa na Frederik Olsen, mzaliwa wa Denmark. Olsen aliitwaa Usumbura, Bujumbura ya leo, mwanzoni mwa Juni, akaitwaa Kitega katikati ya mwezi huo, kisha askari wake wakateremka kuelekea ziwani na relini, wakapita nchi ya Waha. Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ikaanguka.

Vitabu vingi humalizia hapo, kwa bendera na nishani. Mimi nataka tukae kidogo na wapagazi.

Askari wa Tombeur walikuwa kama 12,000. Wapagazi walioitumikia Ubelgiji katika vita vyote vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufika 260,000. Chukua mmoja wao, mpe mzigo wa kilo 25 za unga kichwani. Naye anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, karibu mzigo wote umeishia tumboni mwake mwenyewe, na askari aliye mbele ameachiwa kilo moja tu. Ndiyo maana jeshi lililopita milimani mbali na reli lilikula mashamba na mazizi ya wenyeji, na pale mpagazi mmoja alipoanguka, mwingine alitafutwa katika kijiji kilichokuwa karibu. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa kuhara, baridi na uchovu, wengi wao bila risasi kuwagusa. Majina yao hayakuandikwa kwenye mnara wowote. Naliona jambo hili kuwa deni, na sijaona aliyejaribu kulilipa.

Februari 1917 Wabelgiji waliwaachia Waingereza Tabora, lakini Kigoma hawakuiachia. Mwaka huohuo Waingereza waliwaomba msaada tena dhidi ya kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, na kikosi cha Wabelgiji kikaiteka Mahenge mwezi Oktoba.

Ubelgiji ilitumaini kuibadilisha ardhi iliyoiteka, mezani, na kipande cha ardhi ya Wareno karibu na mdomo wa mto Kongo. Haikufanikiwa. Tarehe 30 Mei 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana: Rwanda na Urundi kwa Wabelgiji, Kigoma na Buha kwa Waingereza. Makabidhiano yalifanyika Machi 1921. Waha na Warundi, wanaosikilizana lugha na kuoana tangu enzi, wakajikuta pande mbili za mpaka. Mwami wa Heru hakuulizwa, wala wa Muhambwe, wala wa Buyungu. Waingereza wakaigeuza nchi hiyo kuwa chemchemi ya vibarua. Kwa miaka mingi vijana wa Kasulu na Kibondo waliondoka kwenda mashamba ya mkonge kuwa manamba.

Wabelgiji hawakuondoka kabisa. Kwa mkataba wa Machi 1921 walipewa viwanja vya bandari Kigoma na Dar es Salaam, vilivyojulikana kama Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa. Mwanzoni mwa 1962 iliieleza Ubelgiji kwamba Mwingereza alikuwa mwangalizi tu wa nchi chini ya udhamini, na mwangalizi hana mamlaka ya kugawa milele ardhi isiyo yake. Kwangu hiyo ni moja ya hoja safi kabisa ambazo taifa changa limewahi kuzitoa.

Milango ya ziwa haikufungwa. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutokea Kigoma usiku kwenda Kibamba, upande wa Kongo, na Wakuba zaidi ya 100 wakapita njia hiyo kuwasaidia waasi wa Kongo. Novemba wakarudi kwa njia hiyohiyo, wameshindwa.

Kisha vita vikaanza kuleta watu badala ya kuwapeleka. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi walimiminika Kibondo na Kasulu, na kambi zikafunguliwa Mtabila, Kanembwa na kwingineko. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012 baada ya wakimbizi zaidi ya 30,000 kurudishwa kwao katika miezi michache, na ardhi yake ikaenda kwa jeshi. Leo ni kikosi cha JKT, 825 KJ. Warundi walipokimbia tena mwaka 2015, meli iliyowachukua kutoka ufukwe wa Kagunga hadi Kigoma ilikuwa Liemba, ile Graf von Götzen iliyoibuliwa na Waingereza mwaka 1924. Walipelekwa kambi ya Nyarugusu, na Nyarugusu ilipofurika, wengine wakahamishiwa kambi ya Nduta, Kibondo.