Biryogo: Kambi ya Waswahili Iliyogeuka Kimbilio

Richard Kandt, Mjerumani aliyeweka makao Kigali mwaka 1907, alifuatwa na askari, makarani na wachuuzi, wengi wao Waislamu wenye kusema Kiswahili. Kufikia 1913 msikiti wa Al-Fatah ulikuwa umesimama.

Wajerumani walitawala kwa Kiswahili, na hilo liliwapa watu hawa nafasi. Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916, nafasi hiyo ilitoweka. Shule ziliachiwa wamisionari, hivyo mzazi Mwislamu akalazimika kuchagua kati ya elimu ya mwanawe na dini yake. Mfalme Musinga, aliyekataa ubatizo, aling'olewa mwaka 1931. Mwanawe Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na miaka mitatu baadaye akaiweka Rwanda wakfu kwa Kristo Mfalme. Katika nchi ya namna hiyo Mwislamu alihesabiwa mgeni hata kama babu zake wote walizaliwa kwenye vilima hivi. Waswahili wakatengewa kambi, na aliyetaka kuhama au kusafiri aliomba kibali.

Kambi ya Kigali ndiyo chimbuko la mtaa wa Biryogo wa leo. Ilikusudiwa kuwatenga Waswahili na majirani, lakini ndani yake Mhutu, Mtutsi, Mmanyema na mjukuu wa Mwarabu walisimama safu moja ya sala na kuozana watoto. Kwa kuwa mlango wa ofisi ulifungwa, wakashika biashara, ushonaji, udereva na ufundi wa magari. Hadi leo ukitafuta kipuri Kigali, utaelekezwa huko.

Ndipo likaja jaribio la 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, familia nyingi za Biryogo ziliwaficha waliowindwa, majumbani na misikitini. Si kila Mwislamu alitoka na mikono safi, na lazima isemwe hivyo. Lakini waliookolewa walisimulia, na miaka iliyofuata Wanyarwanda wengi walisilimu. Naamini wale waliofungua milango walikuwa wanajua vizuri maana ya kuitwa mgeni kwenu.

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Tangu 2021, baadhi ya mitaa ya Biryogo imefungiwa magari, ikapakwa rangi na kujaa meza za chai na mishkaki. Nyumba ya Kandt nayo ni makumbusho. Historia ya kambi inastahili kuandikwa na watoto wa Biryogo wenyewe, wangali wapo wazee wa kuisimulia.