Poka: Ni wakati gani wa kuweka chipu zote kabla ya karata za mezani kufunuliwa?

Novemba 2009, mjini Las Vegas, Marekani, wachezaji wawili walikuwa wamebaki katika mashindano makuu ya World Series of Poker. Joe Cada, kijana wa miaka 21, alikuwa na tisa mbili mkononi. Darvin Moon, mkata magogo kutoka jimbo la Maryland, alikuwa na malkia na ghulamu, zote za uru. Cada aliweka chipu milioni 3, Moon akapandisha hadi milioni 8, na Cada akatangaza kuweka zote. Moon akakubali.

Mezani hapakuwa na karata hata moja iliyofunuliwa. Mshindi angeondoka na zaidi ya dola milioni 8.5, na wa pili zaidi ya dola milioni 5.1. Je, uamuzi wa namna hii ni kubahatisha tu, au una hesabu yake?

Mchezo unavyokwenda

Katika poka ya aina ya Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baadaye karata tano hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote: kwanza tatu kwa pamoja, ziitwazo flopu, kisha moja, na mwisho moja. Kabla ya karata kugawiwa, wachezaji wawili wanaomfuata mgawaji hulazimika kuweka dau, mmoja dogo na mwingine kubwa. Madau hayo ya lazima ndiyo chanzo cha ugomvi wote, kwani bila hayo kila mtu angekaa akisubiri ree mbili (A-A), ambazo hupatikana kwa wastani mara 1 katika migao 221.

Njia mbili dhidi ya njia moja

Katika michezo mingi ya karata tunayoicheza vibarazani, karata zako lazima zionekane ndipo ushinde. Poka ni tofauti. Anayeweka zote ana njia mbili za kushinda: wenzake watupe karata zao, au wakubali kisha karata zake ziwe bora. Anayekubali ana njia moja tu, kushinda kwa karata. Kwa sababu hiyo, kukubali kunahitaji karata nzuri kuliko kuanzisha.

Hesabu ya chipu

Chukua mfano huu. Dau dogo ni 500, dau kubwa ni 1,000. Wewe ndiye uliye katika nafasi ya mgawaji, wengine wameshatupa karata, na wamebaki wawili wenye madau ya lazima. Una chipu 10,000, yaani madau makubwa 10. Ukiweka zote na wote wawili wakatupa, unachukua 1,500 papo hapo.

Sasa tuseme mwenye dau kubwa amekubali, naye ana chipu za kutosha. Mezani kuna chipu 20,500. Kama karata zako hushinda mara 35 katika 100 dhidi ya karata anazoweza kukubali nazo, fungu lako ni wastani wa chipu 7,175. Umeweka 10,000, kwa hiyo umepoteza 2,825. Ukilinganisha hasara hiyo na faida ya 1,500, wapinzani wakitupa mara 2 katika kila 3, tayari umepata faida ndogo, ingawa karata zako ni za kawaida.

Rudia hesabu hiyohiyo ukiwa na chipu 100,000, na mpinzani naye ana kiasi hicho. Sasa wanapaswa kutupa zaidi ya mara 95 katika 100. Karata ni zilezile, kilichobadilika ni kiasi unachohatarisha ili kupata 1,500. Ndiyo maana mwenye chipu chache husukuma zote mapema, na mwenye nyingi hupandisha kidogo kidogo.

Upande wa pili, mwenye dau kubwa katika mfano wa kwanza anaongeza 9,000 ili agombee 20,500. Anahitaji nafasi ya kushinda ya asilimia 44 hivi. Pungufu ya hapo, atupe.

Karata zinapokutana

Jozi kubwa dhidi ya jozi ndogo hushinda takriban mara 4 katika 5. Ree na mfalme (A-K) dhidi ya ree na malkia (A-Q) hushinda karibu mara 3 katika 4. Jozi dhidi ya karata mbili tofauti zilizo kubwa kuliko hiyo jozi ni karibu nusu kwa nusu, jozi ikiwa mbele kidogo. Tisa za Cada zilikuwa katika kundi hili la mwisho.

Kabla ya kusukuma, jiulize pia waliobaki nyuma yako ni wangapi. Wakiwa wawili, ni rahisi wote kutupa. Wakiwa wanane, huenda mmoja ana jozi kubwa.

Uamuzi mzuri, matokeo mabaya

Tisa za Cada zilisimama, naye akawa bingwa mdogo kuliko wote waliomtangulia. Lakini awali katika meza hiyohiyo ya fainali, aliweka zote akiwa na tatu mbili, akakutana na ghulamu mbili za Jeff Shulman. Baadaye aliweka zote na mbili mbili, akakutana na malkia mbili za Antoine Saout. Mara zote mbili alikuwa na nafasi kama 1 katika 5, na mara zote mbili flopu ilimletea karata aliyoihitaji.

Hivyo usiupime uamuzi kwa mgao mmoja. Upime kwa ulichokijua kabla ya karata kufunuliwa: chipu zako, idadi ya waliobaki, na uwezekano wa wao kutupa. Na kwa kuwa hata nafasi ya 4 katika 5 hushindwa mara 1 katika 5, fedha ya kodi ya nyumba au ada ya shule haina nafasi mezani.