Ukaguzi wa nyumba kabla ya mauzo, Izimbya

Katika Kata ya Izimbya (Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba) na katika wilaya jirani ya Muleba, mkoani Kagera, ukaguzi wa nyumba kabla ya mauzo ni mzunguko wa mnunuzi, fundi wake na mashahidi kabla bei haijafungwa. Nyumba nyingi za vijijini zimo ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka makazi, hivyo nyumba na shamba hukaguliwa pamoja. Katika kujiandaa kwa mzunguko huo, muuzaji huanza na watu wenye haki, kisha mipaka na makaburi. Saruji na rangi huja mwisho. Anayeanza na rangi hupoteza fedha, maana hakuna lipu inayoziba dai la ndugu.

Wenye haki

Kibanja cha ukoo hakiuzwi kama kibanja cha kununua. Kwa mila ya Kihaya, kikiuzwa kwa mtu wa nje bila ridhaa ya wanaukoo, ndugu anaweza kukikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Mfano mashuhuri unatoka Muleba. Mwaka 1988 Holaria Pastory, aliyerithi ardhi ya baba yake kwa wosia, aliiuza kwa Gervazi Kaizilege kwa shilingi 300,000. Bernardo Ephrahim, mtoto wa nduguye, alifungua kesi akidai kuwa mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo Muhutwe ilikubaliana naye, Mahakama ya Wilaya ikatengua, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mauzo yakathibitishwa. Ni hukumu ya haki, na kila mwanamke mwenye kibanja anastahili kuijua. Hata hivyo haikuufuta ukombozi: Ephrahim aliruhusiwa kukikomboa kibanja kwa kulipa shilingi 300,000 zile zile.

Ndiyo maana mnunuzi makini huuliza habari za ukoo kabla ya kuingia sebuleni. Jibu lenye nguvu ni muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini za waliohudhuria, unaoonyesha kwamba ndugu walipewa nafasi ya kununua kwanza. Panahitajika pia ridhaa ya mume au mke, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, uhamisho wa haki ya kimila unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa mwenyekiti uliogongwa bila kikao ni udhaifu unaoweza kuja kumgharimu mnunuzi.

Mipaka na makaburi

Majirani huitwa siku moja kupita mpakani pamoja na muuzaji, na mapengo kwenye mstari wa mulamula, mimea inayoonyesha mpaka, hupandwa upya wakiwapo. Makaburi yanahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu Wahaya wengi huzika kibanjani. Mkataba useme waziwazi yako wapi, nani atayatunza, na familia itapita njia ipi kuyafikia. Kulinyamazia jambo hili ni kumkosea mnunuzi na kuwakosea marehemu.

Nyumba yenyewe

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu mkoani Kagera na kuacha nyumba nyingi zikiwa zimeanguka au kupasuka. Tangu hapo ufa ni swali la lazima. Ufa mwembamba ulioishia kwenye lipu si tatizo kubwa. Ule unaoshuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha na kuonekana ndani na nje ni jambo jingine, hasa kwenye kuta za tofali zilizojengwa kwa udongo bila lenta. Kuusiriba kwa saruji na kupaka chokaa ni udanganyifu. Fundi akigonga ukuta atausikia. Njia ya uungwana ni kubandika saruji kidogo kukatiza ufa, kuandika tarehe juu yake, na kuiacha kwa miezi kadhaa. Ikikatika, ukuta bado unatembea, na bei ishushwe au ukuta ujengwe upya.

Paa likaguliwe mvua inaponyesha, si kiangazi: bati lenye kutu, misumari iliyolegea, kenchi zilizoliwa na mchwa. Maji ya paa yasielekezwe kwenye msingi. Choo cha shimo kiwe na nafasi, na mita ya umeme ya LUKU isiwe na deni.

Migomba nayo hukaguliwa. Mnyauko wa bakteria uliingia Kagera miaka ya 2000, na mgomba ulioambukizwa hutoa usaha wa manjano ukikatwa. Mashina yenye ugonjwa hung'olewa na kufukiwa kabla ya mauzo, na mnunuzi huonyeshwa sehemu yalipokuwa.