Kufuli la intaneti: kutoka Tunisia mpaka shule ya Uganda

Mkimbizi wa ndani aliyefikia Karavia akiandika jina la mtoto aliyepotea njiani kwenye ukurasa wa msaada, mwanzoni mwa anwani anaona herufi https. Ile s inaonyesha kwamba maneno yake yamefungwa kabla ya kutoka kwenye simu. Kampuni ya mtandao au mwenye Wi-Fi, wanaoyabeba, hawawezi kuyasoma. Zamani haikuwa hivi.

Seva ni kompyuta inayotunza kurasa na kuzigawa kwa wanaoziomba. Apache, programu ya seva iliyoenea sana duniani, ilitoka mwaka 1995 bila kufuli. Sheria za Marekani zilibana upelekaji nje wa programu za kuficha maandishi, kwa hiyo kufuli likawa nyongeza ya kando. Iliyojulikana zaidi ni mod_ssl, ya Ralf Engelschall, mwaka 1998. Mwenye seva aliitafuta mwenyewe, akaipachika, kisha akalipia cheti cha kuthibitisha anwani yake. Tena kurasa zilichelewa. Wengi wakaacha.

Facebook ilijaribu njia ya katikati: neno la siri lilifungwa, lakini ukurasa wa kuliandikia ulifika wazi. Tunisia, mwisho wa 2010, watu walipoingia barabarani kumpinga Ben Ali, uwazi huo ulitumika. Mistari michache ya programu iliingizwa ndani ya ukurasa ukiwa njiani, ikanakili neno la siri kabla halijafungwa. Akaunti za waandishi na wapinzani zikaibwa. Januari 2011 Facebook ikawafungia Watunisia ukurasa mzima, na mwezi huohuo ikawapa watumiaji wengine ruhusa ya kuchagua kufuli. Kuchagua tu! Wengi hawakujua hata kama lipo.

Mwisho wa 2015 Let's Encrypt ikaanza kutoa vyeti bure kwa kila mtu, na Julai 2018 Chrome ikaanza kuandika kwamba ukurasa usio na kufuli si salama. Ingekuwa furaha tupu, kama si Uganda.

Mwezi wa 8 mwaka huohuo Eric Meyer, Mmarekani anayefundisha kutengeneza kurasa, alieleza aliyoyakuta katika shule moja ya kijijini huko. Intaneti yao ilitoka kwenye satelaiti, polepole na kwa kipimo. Dawa ya zamani ya shida hiyo ni seva ndogo ya akiba: mwanafunzi wa kwanza akileta ukurasa, nakala inabaki shuleni, wenzake wanaisoma bila kugusa satelaiti. Lakini seva ya akiba haiwezi kutunza kisichosomeka. Kila mwanafunzi analazimika kuuvuta upya ukurasa uleule. Kuna njia ya kuipa seva hiyo ufunguo, ila hapo mwenye kuisimamia anaweza kusoma barua na maneno ya siri ya shule nzima.

Kusema kweli, waliofunga kurasa hawakuwafikiria watu wa satelaiti. Hata hivyo, kuurudisha uwazi wa zamani ni hatari zaidi. Orodha ya majina ya waliokimbia ikisomwa njiani, anayewatafuta kwa ubaya anajua pa kwenda. Hata tangazo la siku ya kugawa unga, ambalo si siri, likipita wazi linaweza kubadilishwa kabla halijafika, na familia zikatumwa pengine. Kinachowezekana leo ni kuupunguza ukurasa wenyewe: maandishi matupu, bila picha wala video, hufika haraka hata yakiwa yamefungwa.