Kofia ya Sufu Iliyopigwa Marufuku

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma leo gazetini, mtu akikuambia kwamba jeshi lenye vifaru, ndege za kivita na nyambizi liliwahi kuiogopa kofia ya sufu, tena kofia iliyofumwa na bibi kizee jikoni kwake, utadhani anakutania. Lakini jambo hilo lilitokea, nalo lina tarehe. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 26 Februari 1942, nchini Norway. Nitaifikia kofia hiyo. Kwanza nieleze jinsi nilivyoingia katika mazungumzo haya, maana mtu anayelala na feni mwaka mzima hana sababu ya kujitia ujuzi wa soksi za sufu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa kozi ya wiki tatu ya utangazaji katika mji wa Trondheim, na kozi yenyewe iliangukia mwezi wa Januari. Nilijiandaa. Nilikwenda mitumbani nikachagua koti zito, na glavu za ngozi nyeusi ambazo muuzaji aliniapia kwamba ni za rubani. Siku ya pili tu vidole vyangu viligoma. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi nikijaribu kushika kinasa sauti, na ule mkono haukuwa wangu tena. Ulikuwa kama mkono wa sanamu. Nikarudi nyumba niliyopangishiwa chumba, na mwenye nyumba, mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, akazitazama zile glavu za rubani, akacheka mpaka akavua miwani. Akafungua sanduku la mbao lililokuwa chini ya ngazi. Ndani mlijaa soksi, kofia na glavu, zote za kufuma kwa mkono, zote kazi yake. Akanipa jozi moja, nyeusi kwa nyeupe, yenye ua la petali nane mgongoni mwa kiganja. Nilizivaa hadi nilipoondoka, na ninazo hadi leo, ingawa huku kwetu kazi yake ni kuwachekesha watoto.

Glavu hizo hazina nafasi za vidole. Vidole vinne hukaa chumba kimoja kama ndugu wa tumbo moja, na kidole gumba hupewa kijichumba chake pembeni. Ukiziona utadhani ni za mtoto. Lakini baridi ikizidi, vidole vilivyokaa pamoja hupashana joto, wakati vile vya glavu ya rubani kila kimoja hupambana peke yake. Tena kazi ya rangi mbili ina siri yake: uzi usiotumika upande wa mbele hupita upande wa nyuma, kwa hiyo glavu moja ina tabaka mbili za sufu na hewa katikati. Na sufu ina tabia ambayo pamba haina, kwamba hata ikilowa kiasi haiachi kutunza joto. Ndiyo maana mvuvi wa bahari ya kaskazini hakuvaa pamba mikononi.

Ua lile la petali nane lina historia inayojulikana hadi jina la mwenyewe. Kusini-mashariki ya Trondheim kuna wilaya inayoitwa Selbu. Mwaka 1857 msichana mmoja wa huko, Marit Guldseth, ambaye baadaye aliolewa akaitwa Marit Emstad, alifuma glavu zenye ua hilo kwa rangi mbili akaenda nazo kanisani. Watu walikuja kwa ajili ya ibada wakaondoka wanazungumza glavu. Wasichana wenziwe wakaiga, kisha mama zao, kisha wilaya nzima. Ikawa desturi kwamba harusi ya Selbu haikamiliki bila glavu za kugawia, na bibi harusi alianza kufuma mapema kuliko kushona gauni. Baadaye glavu za Selbu zikauzwa mijini na nchi za nje, na kaya nyingi zilipata kutoka sindano hizo fedha ambayo shamba halikuitoa. Leo ua hilo ni mojawapo ya alama kubwa za wilaya hiyo.

Jioni baada ya jioni mama yule alikaa karibu na redio, sindano tano zikilia tii, tii, tii. Nne zimeshika vitanzi kwa mduara, ya tano ndiyo inayotembea. Hakutazama mikono yake. Nilimwuliza, kwa ule ujinga wa mgeni, kwa nini asinunue dukani, maana soksi jozi tatu zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kikombe cha kahawa. Hakujibu. Alinionyesha kisigino cha soksi aliyokuwa akiifuma, namna anavyokipindisha ili kifuate mguu, na namna anavyofunga ncha ya vidole bila kuacha mshono. Ule mshono wa kiwandani, alisema, ndio unaokutoa lengelenge.

Wengi wetu tunaamini kwamba kufuma sufu ni kazi iliyozaliwa kwenye theluji. La hasha. Soksi za kale kabisa zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya London zilitoka Afrika, katika mchanga wa Misri. Iko jozi nyekundu iliyopatikana Oxyrhynchus, ya kati ya mwaka 250 na 420 baada ya Kristo, na kidole gumba chake kimetengwa na vile vingine. Kwa nini? Ili mwenye soksi avae ndara. Kwa hiyo wale vijana wetu wanaovaa soksi na kandambili, tukawacheka, wana mababu wa heshima kubwa kuliko tulivyodhani.

Soksi hizo, hata hivyo, zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu. Ufumaji wa vitanzi kama tuujuavyo leo tunauona baadaye, Misri hiyo hiyo, kuanzia kama karne ya 11 hadi ya 14, katika vipande vya soksi za pamba za buluu na nyeupe, vingine vikiwa na mapambo ya mwandiko wa Kiarabu. Kutoka katika ulimwengu wa Kiislamu ujuzi huo ukavuka hadi Hispania. Huko Burgos, katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa mkono, na katika pindo zake limefumwa neno la Kiarabu ambalo halihitaji mkalimani hapa kwetu: baraka. Mwana wa mfalme Mkristo amelazwa kichwa juu ya baraka ya Kiarabu, kazi ya fundi Mwislamu. Mimi hupenda kuikumbuka habari hiyo ninaposikia watu wakigawana ustaarabu kama mafungu ya samaki.

Ulaya ilipoushika ufumaji iliufanya biashara, na biashara ikaleta sheria. Mwaka 1571 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kila mtu aliyezidi miaka sita, isipokuwa wakubwa na wengine waliotajwa, lazima Jumapili na sikukuu avae kofia ya sufu iliyofumwa nchini, la sivyo alipe faini kwa kila siku aliyokosa. Lengo lilikuwa kulinda ajira za wafuma kofia. Watu walifanya kama watu wafanyavyo, na mwaka 1597 sheria ikafutwa. Kabla haijafutwa, mwaka 1589, William Lee wa Nottinghamshire alikuwa amebuni mashine ya kufuma soksi. Simulizi inayorudiwa ni kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya kuimiliki, akiwahurumia raia wake maskini walioishi kwa sindano. Lee alihamia Ufaransa na akafa bila kupata utajiri aliouota. Mashine yake haikufa. Miaka zaidi ya 200 baadaye, kuanzia 1811, mafundi wa Nottingham walikuwa wakizivunja usiku mashine za soksi kwa sababu ya ujira uliokuwa ukishuka, na Bunge likajibu mwaka 1812 kwa kuweka adhabu ya kifo kwa mvunja mashine. Soksi, ndugu msikilizaji, imewahi kumpandisha mtu kitanzini.

Mashine ilishinda, na mtu angetarajia kwamba sindano za mkono zingebaki za watoto na vikongwe. Vita Kuu ya kwanza ikazirudisha. Katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji askari walisimama katika maji na matope siku nzima, na miguu ikaanza kuvimba, kufa ganzi na kuoza. Katika majira ya baridi ya 1914 kuingia 1915 jeshi la Uingereza peke yake lilipata wagonjwa wa miguu ya namna hiyo wapatao 20,000. Dawa ya kwanza ilikuwa soksi kavu, kubadilishwa kila siku. Malkia Mary akatoa wito wa kutafuta jozi 300,000 za soksi, na Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 Msalaba Mwekundu wa huko ukawahimiza wananchi wafume. Wakafuma kweli: kina mama, wanafunzi, wazima moto wakisubiri kengele, wanaume kwenye treni.

Hapo nilimkatisha mama mwenye nyumba, maana habari hiyo ya soksi za askari ilinigusa pengine. Vita hiyo hiyo, na dola hiyo hiyo, ilikuwa huku kwetu pia. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi katika Afrika Mashariki walitembea mamia ya maili, walio wengi miguu mitupu, kwenye matope na funza, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Hakuna malkia aliyewatolea wito wa soksi. Jina lao la kikosi tunalitaja kila siku tukienda sokoni Kariakoo, wala hatusimami. Yule mama aliweka sindano chini akasikiliza mpaka nikamaliza. Hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo.

Kesho yake jioni ndipo aliponiambia habari ya kofia.

Wajerumani waliivamia Norway tarehe 9 Aprili 1940. Mfalme Haakon alikataa kusalimu amri, na Juni akavuka kwenda London. Wananchi waliobaki hawakuwa na silaha, wakatafuta alama. Wanafunzi walianza kubana kibanio cha karatasi kwenye ukosi wa koti, maana yake tumeshikamana. Kibanio kikapigwa marufuku. Watu wengine wakaanza kuvaa kofia nyekundu ya sufu yenye ncha, ile ambayo katika hadithi za huko huvaliwa na kijizee cha zizini kinacholeta zawadi Krismasi. Ni kofia ya watoto, kofia ya utani. Lakini alipoivaa karani, akaivaa mwalimu na muuza samaki, na kila wanapokutana wanatazamana bila kusema neno, utani ukaisha.

Tarehe 1 Februari 1942 Wajerumani walimweka Vidkun Quisling, Mnorway aliyewatumikia, kuwa waziri kiongozi. Siku nne baadaye ikatoka sheria ya kuwalazimisha walimu wote kuingia katika chama chake cha walimu. Maelfu yao walikataa kwa barua. Machi walimu wapatao 1,100 walikamatwa, na zaidi ya 600 wakasafirishwa kwa meli hadi Kirkenes, kaskazini ya mbali kabisa, kufanya kazi za sulubu. Katikati ya vuta nikuvute hiyo ndipo polisi walipotangaza kwamba uvaaji wa kofia nyekundu umezidi na sasa unahesabiwa kuwa ni maandamano. Kuanzia Alhamisi ile ya tarehe 26 Februari ni marufuku. Na kwa watoto wa chini ya miaka 14, watakaoulizwa ni wazazi.

Mama yake mwenye nyumba wangu alikuwa na miaka tisa wakati huo. Kofia yake aliifumiwa na bibi yake, naye aliipenda kiasi cha kulala nayo. Tangazo lilipotoka, baba alitaka itiwe jikoni iungue yaishe, kwa kuwa jirani mmoja hakuwa mtu wa kuaminika. Bibi alikataa, maana sufu ilikuwa ya mgawo na haikuwa kitu cha kuchoma. Lugha yetu inayo maneno mawili yanayofanana kwa jambo hili, kufuma na kufumua. Bibi aliketi usiku ule akaifumua kofia yote, kitanzi baada ya kitanzi, akaufua uzi, akauanika juu ya jiko, na usiku wa pili akashika sindano upya.

Jumatatu yule mtoto alikwenda shule kichwani amevaa kofia ya kijivu kama amri ilivyotaka. Aliwapita askari wawili kwenye kona ya daraja. Mmoja alimsalimu, naye akaitikia kwa adabu, akaendelea na safari yake, na ndani ya viatu vyake amevaa soksi nyekundu.